Chupa ya Hariri Aliyoitikisa Salesio

Chubu, chubu, chubu.

Mtu alikuwa anatikisa maziwa jikoni kwangu, jogoo hata hajawika. Na ng'ombe wetu alikuwa amekauka tangu Pasaka.

Nikajifunga leso, nikaenda kuchungulia.

Ni mume wangu, Salesio. Ameketi kwenye kigoda changu, ameipakata chupa ya Lorna, mgeni wetu, anaitikisa huku akiimba wimbo wa kanisa kwa sauti ya chini.

Nikasimama mlangoni.

Wacha nieleze ile chupa ilikuwa ya nini.

Mwaka huo wa 1997 nilikuwa nafuga viwavi wa hariri, hapa juu ya Runyenjes. Salesio hakuwapenda.

"Shamba limejaa miforosadi ya kulisha minyoo," alikuwa akisema, "na mnunuzi hatumwoni."

Akaapa kwamba Jumamosi ataing'oa yote, apande kahawa.

Lorna, mjukuu wa dada yangu, alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu. Chuo kilifungwa kwa mgomo, akaja kwangu na vyombo vyake. Alichemsha vifuko vya viwavi na magadi mpaka gundi ikatoka, akayeyusha nyuzi kwa chumvi kali, kisha akaitoa ile chumvi kwa maji siku tatu. Akabaki na kitu kama uji mwepesi wa mgonjwa.

"Cucu," akaniambia, maana kwetu ndivyo bibi anavyoitwa, "hii ikiganda, chembe za ngozi zitapanda ndani yake kama maharagwe kwenye fito. Labda siku moja mtu aliyeungua apate ngozi mpya. Na mwalimu wangu atanunua vifuko vyako vyote, hata vyenye madoa."

Ikakataa kuganda.

Alikuwa ameambiwa na mwalimu wake asiisogeze chupa hata kidogo. Siku tano msichana anaitazama tu. Ijumaa jioni alilala kitini, machozi yamemkaukia shavuni. Salesio akamfunika na koti lake. Nilimwona.

Na sasa huyo huyo anatikisa.

"Salesio, unafanya nini?"

Akashtuka kama mwizi wa kuku. "Ongea polepole, mama Mwaniki."

"Hayo si maziwa."

"Najua si maziwa. Lakini kitu kikikataa kushikana, kinatikiswa. Mama yangu alifanya hivyo." Kisha akanong'ona, "Usimwambie mtu. Mwanamume kutikisa maziwa kama mke, hapa Embu? Watanicheka mpaka kaburini."

Chupa ikiharibika, mwalimu hanunui kitu. Moyoni nilijua miforosadi yangu imekwenda.

Jua lilipotoka Lorna aliamka, akaona povu kwenye chupa.

"Nani ameigusa?"

Salesio akatazama mabati.

Lorna akainamisha chupa amwage. Hakikumwagika kitu. Akaipindua kabisa. Hariri ilikuwa imeshikana, inatetemeka kama shavu la mtoto.

Alicheka mpaka akalia tena. Akachukua daftari lake, akamgeukia babu yake.

"Guka, ulitikisa kwa muda gani?"

"Nyimbo tatu. Beti zote."

"Za haraka au za polepole?"

"Mbili za haraka. Ya tatu ni ya mazishi."

Akaandika hivyo hivyo, nikamwona.

"Na nimwambie mwalimu nani alitikisa?"

"Andika cucu yako," Salesio akajibu upesi.

Ndiyo maana barua ya shukrani kutoka chuoni ilikuja na jina langu, na mwalimu akawa mnunuzi wangu miaka minne. Kanisani waliniita mama wa sayansi. Nimebeba sifa hiyo siku zote, na leo naitua hapa, Salesio akinisamehe.

Jumamosi hiyo hakung'oa kitu. Jembe alilokuwa amelinoa alilitumia kupalilia miforosadi.

Tangu hapo sihesabu manung'uniko ya mtu. Naangalia mikono yake inafanya nini.

Lorna alipoondoka, Salesio alimbebea begi mpaka barabarani. Gari liliposimama, akamshika mkono.

"Krismasi uje," akamwambia. "Na Pasaka uje. Usingoje mgomo."