Nzuki Si Nzoka

Nta ikiyeyuka jikoni kwangu, pua inanirudisha soko la Tabora enzi za Mwingereza. Nina miaka tisa, nimekaa nyuma ya mama na malindo saba ya asali, yale mapipa ya gome la mti. Nasema saba kwa kuwa niliyahesabu tulipotoka kijijini Ntalikwa, nikayahesabu tena tulipoyapanga. Mjini, ndugu zangu, kitu ulichokihesabu mara moja ni chako nusu tu.

Mama alikuwa mjane, na mahali pale chini ya paa alipapigania misimu miwili. Wiki ile mkuu wa soko alikuwa ametangaza: muuzaji atakayeleta fujo atatoka, nafasi yake apewe mwingine. Wa kupewa walikuwa wengi, wakitutazama kama warithi wanavyomtazama mgonjwa.

Asubuhi hiyo nyuki wakafuata harufu. Mmoja, kisha kama kumi, wakatua kwenye mfuniko wa lindo la mwisho. Nikamwarifu mama kama alivyonifundisha, ila kwa sauti ya juu, tena kwa Kinyamwezi cha nyumbani: "Nzuki!"

Yaani nyuki. Lakini mbele yetu alikaa Mama Zuhura, muuza vitumbua, mtu wa mjini aliyejua Kinyamwezi cha kununulia viazi tu.

"Kasema nzoka!" akapiga ukelele. "Nyoka, jamani, nyoka!"

Sasa, nyuki na nyoka hawakimbiwi kwa namna moja. Kwa nyuki unatulia. Kwa nyoka unapanda juu na kuitisha fimbo. Soko zima likapanda juu. Meza ya karanga ikavunjika, kuku wakakata kamba. Wanaume wakapiga magunia, na kila aliyepiga akaapa kaona mkia. Nilihesabu mikia minne, kichwa hakuna. Mzee Seif, muuza nguo, alisimama juu ya majora yake ya kaniki akitangaza kuwa ni mweusi, mrefu kama kamba ya kisima. Askari wa soko akaja mbio, akalishushia rungu lindo letu la mwisho. Hapo ndipo nyuki, waliokuwa wamekuja kwa amani, walipoingia kwenye mazungumzo.

Mama hakukimbia. Aliwasha tambara, akalizima libaki likifuka, akaketi katikati ya moshi akiziba ufa wa lindo kwa nta, polepole, kama anayesuka ukili.

"Tulieni," alisema. "Ni nyuki. Mkirusha mikono mnawaita."

Hakupaza sauti, lakini watu wakaanza kushuka, mmoja mmoja, kwa aibu.

Mkuu wa soko akafika. "Nani kaleta nyoka?"

"Huyo mtoto!" akasema Mama Zuhura.

Mkuu akamgeukia mama. "Mama Kabula, funga vitu vyako."

Nikasimama.

"Shikamoo, bwana mkubwa."

"Marahaba."

Mtu mzima akishaitikia, lazima akusikilize kidogo. Hapo biashara imefunguliwa.

"Malindo saba yameingia. Mazima ni sita. La saba limepigwa rungu, na nyuki hawana rungu."

Mkuu akamtazama askari. Askari akalitazama rungu lake, lililokuwa likichuruzika asali.

"Na nyoka?"

"Hajaja bado. Mimi nilisema nzuki."

"Kusema kweli," akasema Mzee Seif akishuka kwenye kaniki zake, "hata mimi nilimwona kwa masikio."

Soko likaangua kicheko, na mkuu naye akashindwa kujizuia. "Kaa, Mama Kabula. Nawe mtoto, siku nyingine piga kelele kwa Kiswahili."

Nimeona fujo nyingi tangu hapo, misibani, stesheni, hata kwenye nyumba za watu waliopendana. Nyingi zilianzishwa na mtu mwema aliyesikia nusu ya neno akakimbia nalo.

Njiani kurudi mama alininyooshea mikono nimtoe miiba. Nilitoa kumi na mmoja. Nilipotazama tena, ikafika kumi na mitatu. Nikamwuliza kwa nini hakukimbia.

"Ningekimbia, nani angebaki pale?"

"Mimi," nikajibu, kifua mbele.

"Ndiyo hivyo," akasema.

Niliichukua kama sifa, nikajivunia miaka na miaka kwamba ulimi wangu ndio uliotuokolea mahali petu. Nilipopata watoto wangu ndipo nilipokumbuka alivyokuwa amekaa: moshi na mgongo wake kati yangu na nyuki. Mimi sikutolewa mwiba hata mmoja.