Blanketi Moja, Watu Wawili

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi moja ya baridi katika soko la vitambaa la Zhongda, kule Guangzhou, China. Nilikuwa mwanafunzi wa uchumi, na Kichina changu kilikuwa kinanilisha. Siku hiyo nilikuwa mkalimani wa Mama Neema, mfanyabiashara wa Mbeya, aliyepata tenda mbili za kupeleka mablanketi nchi jirani: moja ya jela ya serikali, nyingine ya jela inayoendeshwa na kampuni.

Nilishika sampuli zote mbili. Ya serikali ilikuwa nzito kama zulia, ya kampuni nyepesi na rahisi. Nikamtangazia kwa furaha kwamba jela ya serikali ni bora, jambo nililokuwa nikilibishania bwenini kila siku.

"Baba, umeuliza yanagawanywaje?" akasema Mama Neema. "Mwanangu Joni amefungwa hiyo ya serikali. Hilo zito ni ghali, hivyo wanalala wawili, wanavutana mpaka asubuhi. Kwenye kampuni kila mtu ana lake, ila anatetemeka nalo."

Nikazirudisha sampuli mezani. Yeye akaendelea. "Muulize laoban kama ana cha katikati, kimtoshe kila mfungwa kwa hela ileile ya serikali."

Bosi wa duka akajibu mei you, hakuna. Nikambembeleza, nikamtania, mpaka akapanda stoo na kushuka na robota la mablanketi ya kijivu, ya uzito wa kati na bei nusu ya lile zito. Mama Neema akachomoa moja, akajifunika gubigubi palepale dukani, wateja wakicheka. Alipojifunua alikuwa anatabasamu.

Zikabaki simu mbili, kuwaomba wenye tenda wakubali hayo ya kijivu. Kampuni ilikataa kubadilisha chochote. Alipompigia ofisa wa magereza ya serikali alinishika mkono hadi ukaniuma, nami nikawa namwomba Mungu kimoyomoyo. Akakata simu, analia na kucheka.

"Amekubali. Joni atalala na blanketi lake."

Nilimkumbatia mama wa watu bila hata kuomba ruhusa.

Mwanangu, watakuuliza kipi bora, cha serikali au cha binafsi, kipi ghali na kipi rahisi. Usijibu ukiwa bado umeshika sampuli. Kifuate kitu mpaka kwa anayekitumia, umuulize ameamkaje. Na Mungu akujalie usikose wa kukufunika, wala usichoke kuwafunika wengine.