Aliyeitika Kua

Kijiji kizima cha Juani kilimwita Wifi. Wazee walimwita Wifi, watoto walimwita Wifi, hata mwalimu wa chuo cha Kurani, ambaye hakuwa na udugu naye wa karibu wala wa mbali, alimwita Wifi. Alikuwa wifi yangu mimi Sihaba, mke wa mdogo wangu Kombo, na mwanzoni nilikereka kuona watu wameniibia. Jina lake hasa naweza kulitaja sasa kwa sababu haliwezi tena kumdhuru. Aliitwa Mwanasiti.

Hakuwa mtu wa ajabu. Alisuka mikeka ya ukindu, alilima muhogo, na akichelewa kuamka alimsingizia jogoo. Kombo alimpenda mpaka ikawa kichekesho. Waume wa kwetu hawaiti wake zao majina njiani, lakini huyu akitoka shamba alianza kupaza sauti tangu kwenye minazi ya mwisho: "Mwanasiti! Mwanasiti ee!" Naye huko ndani anaitikia, "Abee!" huku mwiko uko chunguni. Tuliwacheka, nao hawakujali.

Miaka ile vita vya Mjerumani vilikuwa vimekwisha, na Mwingereza amekwisha kaa Kilindoni. Akaja Mzungu mmoja kijana, mwembamba, pua imebabuka kwa jua. Hakuwa mtu wa serikali, hakununua nazi, hakuhubiri dini. Alimwajiri Kombo ampikie na kumbebea mizigo.

"Anakwenda wapi?" nilimwuliza Kombo.

"Haendi popote, dada. Anatembea. Akichoka anapiga hema, analala. Kesho anatembea tena."

Tukampa jina la Bwana Matembezi. Mgeni njoo mwenyeji apone, wamesema wahenga. Huyu alikuja, mwenyeji akafungwa.

Alipokwisha kuzunguka kisiwa akataka kulala Kua. Kua ni magofu ya mji wa kale, nyumba za mawe na misikiti isiyo na mapaa, miti imeota vyumbani. Sisi huenda huko kukata kuni na ukindu, ila tuna adabu zake. Huko hatutajani majina. Ukimtaka mwenzako unapiga makofi. Na ukisikia unaitwa, hata kwa sauti ya mama yako mzazi, huitiki, unashika njia yako. Mji ule ulifiwa na watu wake wote, nao una upweke. Jina likitajwa pale, mji unalishika. Mwenye jina akiitika, mji umempata.

Kombo alimweleza yote hayo. Mzungu alisikiliza kwa heshima, kisha akapiga hema katikati ya magofu. Kombo alikataa kulala naye. Wakapatana kwamba atakuwa anarudi kwake magharibi na kwenda tena asubuhi.

Siku ya kwanza mimi na Mwanasiti tulipeleka chakula cha mchana. Mzungu alikuwa amekaa juu ya ukuta, miguu inaning'inia. Alituona kwa mbali akafurahi, na kwa kuwa alikwisha msikia Kombo akiita, naye akaita, "Mwanasiti!"

Kinywani mwake jina lile lilipinda. Alilivuta katikati na kulikata mwishoni, kama mtu anayeita mbuzi asiye wake. Mwanasiti hakuitika. Aliweka kapu juu ya jiwe akageuka. Mzungu akadhani hajasikika, akaita tena kwa nguvu zaidi. Kuta zikaurudisha ule mwito, huu ukuta na ule, mpaka wa mwisho kabisa kule karibu na bahari. Tulishika njia yetu, tukarudi nyumbani.

Asubuhi iliyofuata Kombo alikuta hema li wazi na kitanda hakijalaliwa. Taa ilikuwa imezimika, mafuta yamo. Alitafuta mpaka jasho likamkauka, akaja kuarifu. Kufika jioni habari ilikuwa Kilindoni kwa Bwana Shauri, Mwingereza mwenye kutawala wilaya, na kesho yake alikuja askari, mtu wa bara, akamtia Kombo pingu. Kombo ndiye aliyekuwa mtu wa mwisho kuonekana na Mzungu, na visu vya jikoni alikuwa navyo yeye.

"Bwana akionekana hai, mumeo atarudi," askari alimwambia Mwanasiti, wala hakusema kwa ukali. "Asipoonekana, anakwenda Dar es Salaam kwa kesi ya damu. Na damu ya Mzungu, mama, haina faini."

Basi watu wakaingia Kua kumtafuta, wakiongozwa na Muhidini, rafiki wa Kombo tangu utotoni. Walitafuta kimya kimya, wakigonga mawe kwa fimbo. Askari alishangaa.

"Mnamtafutaje mtu bila kumwita?" akafoka. Akaanza mwenyewe kupiga kelele, "Bwana! Bwana!" Tulimwacha. Bwana si jina la mtu.

Siku mbili hawakupata kitu. Siku ya tatu tulikwenda na wanawake. Ilikuwa alasiri, jua kali, wala hapana ndege aliyelia. Nakumbuka hata nzi hawakuwapo. Tulikuwa tumesimama penye msikiti mkubwa tukifuta jasho, ndipo sauti ikaja kutoka ndani ya miti.

"Mwanasiti!"

Ilikuwa ile ile, imevutwa katikati, imekatwa mwishoni. Wote tuliganda. Askari peke yake aliruka. "Huyo! Mnangoja nini?" Akakimbilia huko huko, tukamsikia akivunja matawi. Sauti ikaita mara ya pili, safari hii kutoka upande wa pili, nyuma yetu. Askari alirudi polepole, kofia mkononi, na tangu hapo hakuita tena.

"Ni yeye," alinong'ona wifi yangu. "Hapana mwingine anayelipinda jina langu hivyo."

"Ndiyo maana usiitike, shemeji," akasema Muhidini. "Kua imejifunza kwake."

"Na kama ni yeye?"

"Na kama si yeye?"

"Kama si yeye, nimepotea mimi. Kama ni yeye nasi tukanyamaza, amepotea Kombo." Akakaza kanga kiunoni. "Nimekwisha kuyavulia nguo maji haya. Niacheni niyaoge."

Akaitika, "Abee!"

Aliitika kama alivyokuwa akiitika nyumbani, mwiko uko chunguni. Sikupata kuogopa hivyo kabla ya siku ile wala baada yake. Sauti ikaita mbele kidogo, naye akaitika na kwenda. Ikaita tena, akaitika tena. Nilimfuata nimeshika pindo la kanga yake, nalia waziwazi, na Muhidini nyuma yangu anasoma Ayatul Kursi. Tulipita vyumba ambavyo sikuwa nimeviona, nami nimekata kuni Kua tangu usichana. Kila mlango tuliopita ulikuwa mweusi kuliko uliotangulia, na jua liko juu.

Mwisho sauti ikanyamaza. Mbele yetu palikuwa na mitambaa ya majani imetanda juu ya mawe. Muhidini aliifunua kwa fimbo, tukaona kisima kikavu, na chini yake Bwana Matembezi amejikunyata, macho yamefunguka, anatutazama. Alikuwa hai.

Askari alipiga kelele za furaha. Kamba ikaletwa, vijana wakashuka, wakampandisha. Ndipo tulipomwona vizuri. Taya lake lilikuwa limevunjika tangu alipoanguka. Lilikuwa limevimba na kwenda upande, ulimi umeziba kinywa chote, damu imekauka mpaka kifuani. Alitaka kutushukuru, ikatoka pumzi tu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na huyu alivunjika taya. Mtu yule hakuweza kumwita hata paka aliye magotini pake.

Muhidini alilitazama taya lile, kisha akamtazama wifi yangu. Wakati huo huo, huko nyuma, upande wa bahari, sauti ikaita kwa upole, kama ya mtu aliyekwisha kuzoea.

"Mwanasiti."

Muhidini alimziba mdomo kwa kiganja, na mdomo ulikuwa umekwisha funguka.

Kombo alirudi. Mzungu alichukuliwa kwa meli na hatukumwona tena. Tulishangilia, tukachinja mbuzi, na baada ya kula watu wazima wakakaa kushauriana. Hapakuwa na ubishi. Jina lile lisitamkwe tena kijijini, na mtu yeyote. Hivyo akisikia anaitwa Mwanasiti, atajua kwamba si mmoja wetu, naye atanyamaza. Tangu siku ile akawa Wifi.

Kombo ndiye aliyelipa zaidi. Akitoka shamba, alipofika kwenye minazi ya mwisho, alisimama, akafumba mdomo, akapiga makofi, kama tufanyavyo Kua. Naye ndani anapakua, kimya. Nilimchukia Bwana Matembezi kwa makofi yale kuliko kwa pingu, na mpaka leo sijamsamehe.

Wifi aliishi vizuri. Alisuka, alilima, alicheka, ingawa kicheko chake kilikuwa kimepungua sauti. Mara nyingine tulikuwa tukitwanga pamoja, mchi wake unasimama hewani.

"Umesikia, wifi?"

"Sikusikia kitu. Twanga."

Mara nyingine nilikuwa nimesikia. Naye alijua, akatwanga.

Alikufa kwa homa wakati wa masika, Kombo ana mvi tayari. Sisi wanawake hatuendi kaburini, lakini Muhidini alinihadithia. Mwalimu alipofika kwenye talkini, maneno anayosomewa maiti kaburini, alisita, kwa maana maiti lazima aitwe kwa jina lake na la mama yake. Akamwita. Vijana waliokuwapo walitazamana, hawakupata kulisikia jina lile. Kombo alilia kwa sauti kama mtoto, na Muhidini akamwacha alie.

Hata arubaini haijafika, wakata ukindu wakaanza kusema. Walisema Kua inaita tena, ila sasa ni sauti ya mwanamke, haikupinda hata kidogo, na jina inaloita ni Kombo. Niliwafukuza uani kwangu kwa ufagio. Nikawaambia wakiendelea na uzushi huo wasije kuniomba chumvi.

Alasiri moja nilikuwa na Kombo shambani, tunamenya muhogo. Upepo ulikuwa umetulia. Ikaja kutoka upande wa Kua, mbali, lakini safi kabisa, kama mwanamke anayemwita mumewe chakula kisipoe.

"Kombo!"

Nilimshika mkono. "Usiitike. Mdogo wangu, nakuomba, usiitike."

Alinitazama. Sikuwa nimemwona na uso ule tangu ujana wake.

"Dada," akasema, "yeye aliitika kwa ajili yangu."

Aliweka kisu chini, akajifuta mikono, akavaa kofia yake. Akajibu, "Naam," akainuka, akaenda. Nilimpigia makofi, hakugeuka.

Tulimtafuta. Muhidini alitoka na fimbo yake, mzee sasa, na wanaume wote nyuma yake. Walitafuta kimya kimya inavyopasa, wakigonga mawe, wakafunua kila shimo na kila mtambaa. Hakuonekana yeye wala kofia. Siku walipokaribia kukata tamaa nilikwenda nao, nikasimama penye msikiti mkubwa, na uchungu ukanishinda. Nikapaza sauti.

"Kombo!"

Muhidini alishtuka akataka kunizuia. Akachelewa.

"Naam," akaitika mtu, ndani ya miti.

Muhidini alinivuta mkono twende. Lakini mimi ni dada yake, na kuna jambo moja nililotaka kulijua. Nikaita na lile jina jingine, ambalo sikuwa nimelitamka tangu siku ya mbuzi.

"Abee!" akaitika, kando yake kabisa.

Nilipangusa macho kwa kanga. Nikawaambia akina Muhidini waache kutafuta, twende nyumbani.