Sifa za Bidoni

Harufu ya bidoni mpya ya plastiki hunirudisha darasani, mimi niliyesoma kidogo, na hicho kidogo nimekisahau. Mwalimu alighani sifa za ng'ombe wake, na kwetu ukisikia hizo unajibu kwa kumsifu wako. Wetu walikuwa wameporwa, basi nikasifu bidoni yetu ya maji:

“Wewe wa njano, unakwenda mtoni na njaa, unarudi umeshiba.”

Wenzangu wakacheka.

“We, bidoni inazaa?” mwalimu akauliza.

“Apana, mwalimu. Lakini ng'ombe walikwenda, hawakurudi. Bidoni inarudi kila siku na mama.”

Nikapigiwa makofi. Nikakimbia nyumbani kumweleza mama. Jirani ndiye aliyekuwa ameileta bidoni, imejaa. Mama walimpiga risasi njiani akitoka mtoni.

Maji yale ndiyo tuliyomwoshea.