Jogoo wa Juu ya Bati

Kinanda cha umeme kina mlio ambao sijawahi kuuzoea. Si mlio wa uzi, wala wa pumzi, wala wa ngozi iliyowambwa. Ni kama nyuki aliyefungiwa ndani ya chupa, akaamua kuimba badala ya kuuma. Juma lililopita nilikuwa mjini Kisii, nimekumbatia bahasha yenye vyeti vyangu vya chuo kikuu ambavyo hakuna ofisi iliyotaka kuviona, mlio huo ukanifikia kutoka duka la santuri lililo karibu na wauza ndizi. Noti nne zikipanda, tatu zikishuka. Miguu yangu ilisimama kabla sijaiamuru.

Nikuambie mapema, msomaji, ili usije ukanilaumu mwishoni: hiki si kisa cha msamaha. Nimejaribu mara nyingi kukifanya kiwe hivyo. Nimekigeuza huku na huku usiku na mchana, maana mimi ni mtu wa kugeuza mambo mpaka yachakae, na kila nikikigeuza nakuta kina meno yale yale.

Wimbo huo watu wengi wa huku wanaujua. Wameucheza kwenye harusi, wameusikia ukiombwa redioni katika vipindi vya salamu. Wachache tu wanajua kwamba haukuzaliwa kwenye kinanda. Ulizaliwa katika shamba la mahindi la nyanya yangu, upande wa Magwagwa, miaka michache baada ya uhuru, nilipokuwa na umri wa miaka kumi na mmoja.

Nyanya tulimwita Magokoro, kama Wakisii wote wanavyowaita nyanya zao. Wanawake wa kilima chetu walikuwa na kundi la kusaidiana kulima, egesangio, wakipalilia leo kwa huyu, kesho kwa yule. Waliingia shambani alfajiri, umande ukingali kwenye majani ya mahindi, kila mtu akachukua mstari wake, migongo ikainama pamoja. Harufu ya udongo mwekundu ulioguswa na jembe ilipanda mpaka kooni. Kisha mmoja angeanzisha wimbo na wengine wangeitikia, na ndani ya nyimbo hizo watu walisemwa. Mume mvivu alisemwa. Mama mkwe mchoyo alisemwa, huku naye akiwa pale pale na jembe lake. Ila jina halikutajwa kamwe. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria, na ilikuwa na pacha wake, ambaye Magokoro alinikariria mara nyingi: "Ukiimbwa, inama uendelee kupalilia. Anayeinuka ndiye mwenye wimbo."

Mimi nilidhani anasema hivyo ili nisipumzike.

Aliyeanzisha nyimbo mara nyingi alikuwa shangazi yangu Kerubo, mdogo wa baba, msichana wa miaka kumi na tisa mwenye sauti iliyokuwa kama maji yakimiminwa kwenye mtungi: nzito mwanzoni, ikipanda kadiri inavyojaa. Kanisani aliimba kwaya. Na aliyepiga kinanda kanisani, kile cha kukanyaga kwa miguu kinachopumua kama mgonjwa wa pumu, alikuwa kijana aitwaye Momanyi. Kila Sabato Kerubo aliitazama mikono yake. Niliketi nyuma yake, nilimwona. Ibada nzima kitabu chake cha nyimbo kilikuwa wazi kwenye ukurasa usio wake.

Momanyi hakumwona. Siku moja alipita kwetu akienda kwa mzee wa kanisa. Shangazi alikuwa langoni ameshika jembe, amejifuta uso haraka kwa kanga. Momanyi akasimama, akaangalia ndani ya boma, akamwambia mbwa wetu, "Habari yako, Simba." Kisha akazisifu ndizi za Magokoro, akaenda zake.

Kesho yake shambani Kerubo akaanzisha wimbo mpya, kwa Ekegusii, na maneno yake yalikuwa kama hivi:

Ulipita langoni petu,
ukamsalimia mbwa,
ukazisalimia ndizi,
mimi nikabaki na jembe langu.

Wanawake walicheka mpaka wengine wakaegemea majembe. Lakini walipoitikia kwa mara ya tatu kicheko kilikuwa kimeisha, na nikaona Bosibori, jirani yetu mwenye ulimi mkali kuliko panga, akijifuta macho kwa mkono wenye udongo. Hakuna aliyeuliza huyo mpita lango ni nani. Walipalilia mpaka mwisho wa mstari.

Sasa nifike kwenye kosa langu la kwanza. Nilikuwa natoka mtoni na maji, Momanyi akanikuta njiani na baiskeli yake. Alikuwa ameacha kucheza kanisani, amejiunga na bendi ya mjini iliyokuwa na kinanda cha umeme. Akanishika shavu.

"Nyaboke, siku hizi mnaimba nini huko shambani?"

"Nyimbo tu."

"Niimbie mmoja nikubebe mpaka kinu cha posho."

Nilikuwa sijawahi kupanda baiskeli kabla ya siku ile. Nilikaa kwenye bomba la mbele, mtungi nimeukumbatia, maji yakinimwagikia mapajani, na nikamwimbia wote, na nikamweleza habari za lango na mbwa na kanga. Alinifanya nirudie mara mbili. Nilijiona mwimbaji mkubwa. Sikujua kwamba navuna shamba lisilo langu.

Baada ya miezi michache santuri ikatoka. Mjomba wa rafiki yangu alikuwa na gramafoni ya betri, na Jumapili moja tukausikia. Mdundo ulikuwa wa kuchezesha hata mgonjwa. Tuni ilikuwa ya shangazi, noti kwa noti, ila sasa iliimbwa na yule nyuki wa chupani. Maneno yalikuwa ya Kiswahili, na yalikuwa yamegeuzwa kama shati lililovaliwa nje ndani. Sasa mwimbaji ndiye aliyepita langoni akitamba:

Msichana wa kilimani ananingoja na jembe,
mbwa kanisalimu, na yeye kanisalimu,
nami kwa heshima zote
nikamjibu mbwa.

Kisha ukafuata ukimya wa maneno, kinanda peke yake kwa pumzi nane, halafu mistari ile ile tena.

Watu walianguka kwa kucheka. Mimi nilikimbilia nyuma ya migomba.

Shangazi aliusikia siku hiyo hiyo. Alipika mboga za chinsaga, zile chungu, akasahau kutia maziwa, nasi tukazila hivyo hivyo, hata Magokoro ambaye hakuwa mtu wa kumeza uchungu kimya. Kilichokuwa hatarini nilikijua, maana katika nyumba ya chumba kimoja watoto hujua kila kitu. Ukoo mmoja wa upande wa Nyamira ulikuwa umetuma neno kwamba baada ya mavuno watakuja kuzungumzia ng'ombe. Kijana wao alikuwa amemwona Kerubo kwaya ilipozuru kwao, akampenda, na yeye Kerubo alikuwa ameanza, taratibu, kufungua kitabu cha nyimbo kwenye ukurasa unaohusika. Wimbo haukutaja jina. Wasichana wa kilimani ni wengi, vilima ni vingi. Maadamu hakuna aliyejua ni yupi, mambo yangepita.

Lakini mimi sikutaka yapite. Nilitaka Momanyi aumie. Nilikuwa nikilala nikimwona ameanguka kutoka kwenye baiskeli, namwamsha, namwangusha tena. Nilikwenda kwa Bosibori, na siku ambayo shangazi alikuwa amekwenda sokoni, wanawake wakamtungia Momanyi jibu shambani. Bosibori alitoa nusu, nusu nyingine niliitoa mimi, na hata leo naona haya kusema jinsi ninavyojivunia nusu hiyo:

Jogoo wa juu ya bati,
sauti uliyovaa si yako.
Mrudishie mtetea sauti yake,
tukusikie ukiwika.

Uliimbika kwa pumzi nane kamili. Magokoro aliusikia wote bila kuinua mgongo. Mwishoni akasema, "Umetosha. Wimbo wa shamba hulala shambani." Kisha akaniangalia mimi, si Bosibori.

Sikumsikiliza. Hilo ndilo kosa la pili.

Jumapili moja bendi ilikuja sokoni Magwagwa kwa pikapu. Wakawasha jenereta, moshi wa dizeli ukachanganyika na harufu ya ndizi mbivu na samaki wakavu wa wachuuzi waliotoka upande wa ziwa. Momanyi alikuwa amevaa suruali pana chini na viatu vyenye visigino, akasimama juu ya kreti za soda mbele ya kinanda chake. Shangazi alikuwa amekaa safu ya wauza ndizi, mgongo kwa bendi, akipanga vichane. Wimbo ulipoanza soko zima lilitikisika. Hata wenye mizigo kichwani walicheza na mizigo yao.

Nikajipenyeza mpaka mbele. Nilihesabu. Mbwa akajibiwa, maneno yakakoma, kinanda kikabaki peke yake, na katika pengo lile nikapaza sauti niliyorithi kwa baba na dada yake. Mstari wa kwanza nilikuwa peke yangu. Wa pili, Bosibori alikuwa nyuma yangu. Wa tatu, kundi lote la egesangio lilikuwa limeacha vikapu. Wa nne uliimbwa na watu ambao hawakuwahi kuusikia, maana mtu akiombwa amcheke jogoo hahitaji mazoezi.

Momanyi aliinua mikono kwenye kinanda. Nyuki akanyamaza. Kama angeendelea kucheza tu, kama angecheka pamoja nasi, mambo yangeisha pale, nimelifikiria hilo zaidi ya mara mia. Lakini alinyoosha kidole.

"Mtoto wa nani huyu? Wimbo ni wangu. Nimeutunga mwenyewe, kwa kichwa changu."

Bosibori akaweka mikono kiunoni. "Kwani nani amekutaja, baba? Sisi tumeimba kuku."

"Mnanisema mimi."

"Basi ndiyo umeinuka. Tumekuona."

Sijawahi kusikia kicheko kama kile. Kilikwenda mpaka kwa wauza mbuzi na kurudi. Mtu mmoja aliwika. Mwingine akawika. Momanyi alijaribu kuanza tena, na kila alipofika kwenye pengo soko lilimjazia. Alipolijaza kwa noti nyingi za haraka, watu waliacha kucheza wakauliza jogoo yuko wapi. Wakang'oa jenereta jua likiwa bado juu. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja na nilikuwa nimemshinda mtu mzima mwenye visigino. Nikageuka kumtafuta shangazi, nimpe ushindi wake.

Alikuwa ameinama vile vile, akipanga vichane. Lakini sasa macho ya watu hayakuwa kwa Momanyi. Yalikuwa yamenifuata mimi. Mwanamke mmoja muuza nyanya akauliza, bila ubaya wowote, "Huyu si mtoto wa kwa kina Kerubo?" Kisha akamtazama shangazi, na jembe, lango na kilima vikajipanga usoni mwake kimoja baada ya kingine. "Maskini. Kumbe msichana wa kilimani ni wewe."

Shangazi hakuinuka. Haikusaidia. Mimi nilikuwa nimeinuka kwa niaba yake.

Mavuno yalipita. Ukoo wa Nyamira ulituma neno kwamba ng'ombe waliokusudia kuwaleta wameugua. Hadi leo hawajapona. Kerubo alianza kushona nguo, akajenga kibanda chake sokoni, na anashona vizuri. Shambani hakuanzisha wimbo tena. Egesangio ilipalilia kimya msimu mzima, ukasikia majembe tu, na sauti ya majembe bila wimbo ni kitu cha kutisha.

Na Momanyi je? Hapo ndipo utamu ulipo, na siwezi kujinyima. Santuri haibadilishwi. Pengo liko pale pale ndani ya kila nakala, pumzi nane, na tangu Jumapili ile watu walilijaza kila wimbo ulipopigwa, Magwagwa kwanza, kisha Nyamira, kisha mjini. Kwenye harusi mabibi na mabwana harusi wanamwimbia jogoo bila kujua ni nani. Niliambiwa alihamia mbali, akaacha muziki. Nilipoambiwa, nilikuwa chuoni, nikajinunulia soda kusherehekea.

Mwezi uliopita, baada ya mahafali, nilimwendea shangazi na kukiri kwamba ni mimi niliyempa Momanyi wimbo. Alikuwa anapinda ukosi wa shati, pini mdomoni.

"Nilijua," akasema. "Nani mwingine angemweleza habari za mbwa?"

"Na siku ile ya soko, shangazi. Nilitaka kukulipizia."

Alitoa pini moja moja mdomoni, akazichomeka kwenye kitambaa, akanyoosha ukosi. "Najua ulichotaka. Lakini mimi nilikuwa nimeinama, Nyaboke. Nilikuwa nakaribia mwisho wa mstari."

Ilinichukua miaka yote hiyo, pamoja na shahada, kuelewa kwamba Magokoro hakuwa ananizuia kupumzika.

Hayo yote yalinipitia nikiwa nimesimama nje ya duka la santuri na bahasha yangu. Wimbo ulifika kwenye mbwa. Maneno yakakoma. Muuzaji, kijana wa umri wangu, akaimba jogoo wetu kwa sauti nzuri huku akipangusa vumbi, na alipofika nusu ile ya mwisho, nusu yangu, akanitazama na kuninyooshea kitambaa chake, kama mtu anayemkabidhi mwenzake mstari.

Niliinama. Nikajifanya nafunga kamba za kiatu, na viatu vyangu havina kamba. Nilikaa chini hapo mpaka pumzi nane zikaisha, kama nilivyofundishwa, kichwa chini, mgongo juu, kimya.

Nilikuwa natabasamu. Hilo shangazi hajaniuliza, nami sijamwambia.