Matuta Mawili Yasiyopuliziwa

Mimi ndiye niliyezifanya nyanya zikubali hapa kwetu Pongwe. Wapo watakaobisha, lakini nendeni mkawaulize wale wanawake wauza mboga wa soko la Ngamiani: Januari, jua linachoma mpaka kokoto, nyanya ya karibu ilikuwa inatoka kwa nani? Nilianza na ndoo iliyotoboka na robo eka ya kukodi. Darasa la nne sikulimaliza. Leo nina kisima changu, pampu yangu, na nyumba ambayo kila chumba kina dirisha la kioo. Sikufundishwa na mtu. Nilizitazama nyanya, zikanitazama, tukaelewana.

Kitu kimoja tu kilinishinda, na kwa miaka yote hiyo sikumwambia mtu. Joto la kaskazi likikolea, maua yanapukutika. Mche umependeza, majani tele, maua ya njano yametoka vizuri, halafu asubuhi unayakuta yamelala chini, vikonyo vimekatika kama vimepitiwa na wembe. Mimi nilisema ni wadudu. Nikapulizia dawa ya wadudu. Wadudu wakafa, maua yakaendelea kuanguka.

Aliyenieleza ni binti yangu wa pili, anayesoma kilimo chuoni. Alikuja nyumbani mwezi wa kumi na mbili na sanduku alilolifunga kwa foronya mbili.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Umebeba nini humo, redio?"

Namwita mama kwa sababu ana jina la marehemu mama yangu.

"Hadubini. Ya kutazamia vitu vidogo. Nimeiazima chuoni, kwa hiyo usiishike na mikono ya samadi."

"Mikono hii ya samadi ndiyo iliyokusomesha."

"Najua baba. Kainawe."

Asubuhi moja alichuma ua, akaligongagonga juu ya kipande cha kioo mpaka likadondosha vumbi la njano. Akatia tone la rangi nyekundu, akaniita. Nikafumba jicho moja. Kwanza niliona kope zangu tu. Baadaye, jamani, nikaona duara nyekundu nono, kama shanga zilizomwagika, na katikati yake vitu vilivyonywea, havina rangi, kama maganda ya kunde.

"Hizo ni chavua," akasema. "Ndiyo mbegu ya kiume ya ua. Nyekundu ni nzima. Zilizonywea zimekufa kwa joto. Ua lisipokuwa na chavua nzima halishiki tunda, na mmea unaliachia lianguke."

"Zimekufa jana?"

"Hapana. Ziliharibika ua likiwa bado kitumba kidogo, wiki nzima na zaidi kabla halijachanua."

Nikaketi juu ya ndoo. Kumbe miaka yote nilikuwa nikihangaika na maua yaliyokwisha kuharibika kabla hayajafumbua macho!

Akaniambia mmea hauna mdomo. Sehemu moja ikitaka kuiambia nyingine neno, inatuma kitu kinachoitwa homoni. Ipo inayosema kua. Ipo inayosema funga maji, jua kali. Ipo inayosema tunda hili liache. Joto likipita kiasi, ile ya kukua inapungua ndani ya kitumba, na chavua inabaki haijui ifanye nini. Yeye alitaka kuuongezea mmea homoni hiyo kidogo kutoka nje, aone kama chavua itavumilia.

"Kidogo kiasi gani?"

"Kidogo sana, baba. Ikizidi inageuka sumu."

Neno hilo nililisikia. Sitasema sikulisikia.

Nikampa matuta manne yaliyo karibu na nyumba. Mawili aliyapulizia homoni, mawili aliyapulizia maji matupu. Nikamuuliza haya mawili ya maji yamekosa nini.

"Hayajakosa kitu. Nisipoyaacha hivyo hivyo, nitajuaje kama dawa ndiyo iliyosaidia?"

Ile ndiyo ilikuwa kazi yake ya mwisho chuoni. Bila kulinganisha matuta yale hakuna cha kuandika, na bila kuandika hamalizi mwaka huu. Alinieleza vizuri kabisa, na mimi nikawaeleza watu wote mpaka kijiwe cha kahawa, kwamba binti yangu anafundisha nyanya kuvumilia jua.

Basi jirani yangu mmoja, mkulima wa bamia, akapita na baiskeli. Akasimama kwenye uzio.

"Mzee, mbona haya mawili yamekonda? Ndiyo elimu yenyewe hiyo?"

"Hayo ya kulinganishia."

"Ya kulinganishia na nini, na makaburi?" Akacheka, akapanda baiskeli, akaondoka.

Yalikuwa yamekonda kweli. Kila nikipita asubuhi naona maua chini, kwenye yale yaliyopuliziwa yanaanguka machache, haya mawili yanamwagika. Yalinifanya nione haya, kama mtu aliyeita wageni akawapa wawili chakula na wawili akawapa maji. Binti yangu akaenda Maramba siku tatu kumsalimu bibi yake mzaa mama. Chupa ya dawa aliiacha stoo, juu ya rafu, imezungushiwa karatasi.

Yeye alikuwa akipima kwa bomba la sindano. Mimi dawa zote napima kwa kizibo cha chupa, na mche uliodhoofika nauongezea kizibo cha pili. Ndivyo tunavyofanya wote huku, na ukimwona mkulima anapima kizibo kimoja ujue bado mgeni. Nikavaa bomba la kupulizia mgongoni, nikayapulizia yale mawili mpaka majani yakachuruzika. Nilikuwa na furaha. Nikasema, kunyweni na nyinyi wanangu.

Aliporudi, majani ya matuta yale yalikuwa yamejikunja na kusokoteka kama nguo iliyokamuliwa. Aliinama kwenye mche mmoja, akageuza jani, akatafuta chini yake inzi weupe, wale wanaoeneza ugonjwa. Akaenda mche wa pili. Aliponyanyuka uso wake ulikuwa umebadilika.

"Baba, huu ni ugonjwa wa kujikunja majani. Virusi. Inabidi ning'oe matuta yote manne leo, nichome."

"Yote? Na kazi yako?"

"Kazi nitarudia mwakani. Sasa ugonjwa ukiingia kwenye shamba lako? Jasho lako lote hili, baba?"

Akashika mche wa kwanza shinani kwa mikono miwili.

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko na mwiko mkononi, ananitazama. Alikuwa ameniona siku niliyovaa bomba mgongoni. Mimi nimebishana na madalali, nimebishana na askari, sijawahi kukosa la kusema. Siku ile nikaitazama mikono yake kwenye ule mche. Ningenyamaza, angeng'oa, angechoma, na mtu yeyote Pongwe asingejua. Angeupoteza mwaka wake kwa ajili ya kulilinda shamba langu, kunilinda na ugonjwa uliokuwa mimi mwenyewe.

"Using'oe, mama," nikasema. "Si virusi. Ni mimi."

Aliuachia mche. Nikamweleza. Akakaa chini palepale kwenye udongo, akajifunika uso kwa mtandio, na mimi nikasimama kama nguzo, sijui mikono niiweke wapi. Akauliza kutoka ndani ya mtandio:

"Vizibo vingapi?"

"Viwili."

"Kwa bomba moja?"

"Kwa bomba moja. Na kila tuta bomba lake."

"Baba! Ulikuwa unataka kuyaua?"

"Nilikuwa nayaonea huruma. Na nilitaka ushinde."

Akafunua uso. Macho yalikuwa mekundu lakini mdomo ulikuwa unapigana na kicheko.

"Sasa yakishinda yote manne, mimi nimeshinda nini?"

Nikasema neno ambalo watoto wangu hawajazoea kulisikia kwangu. Nikasema, nisamehe. Mke wangu akarudi jikoni haraka, nikasikia kifuniko cha sufuria kimeanguka.

Kule kisimani nilikuwa na matuta yangu manne ya soko, mbegu ileile, ndiyo kwanza yanatoa vitumba. Nikamwambia achukue.

"Hayo umeshamwahidi mteja."

"Mteja nitaongea naye mimi. Mvua ya masika haijafika, joto bado unalo. Chukua."

Akakata vikaratasi vinne, kila kimoja akakiandika namba ya tuta lake, akavikunja, akavitia kwenye kofia yangu. Alisema hapaswi kuchagua yeye, wala mimi, maana kila mmoja ana upendeleo wake. Nikaokota mimi. Na mkono wangu huu huu ukayatoa yale mawili mazuri kuliko yote, yaliyonawiri mpaka wapita njia wanasimama, yakawa ndiyo ya maji matupu.

"Turudie?" nikauliza.

"Haturudii."

Akanipa kazi, ya kuhesabu maua yaliyoanguka kila siku, saa sita mchana, kila tuta peke yake. Siku za kwanza ilikuwa rahisi. Joto lilipobana, yale mazuri yakaanza kumwaga maua. Nayaokota moja moja, nayaweka kwenye kifuniko cha ndoo, namtajia idadi naye anaandika. Ya upande uliopuliziwa yalianguka pia, nisiseme uongo, ila machache, na kwenye kioo chake shanga nyekundu zilionekana nyingi zaidi.

Mchana mmoja nilikuwa nimechutama na maua tele kiganjani, nimesahau kumtajia idadi. Akaja akachutama karibu nami, akaniwekea kopo la maji mkononi.

"Yanakuuma, eh?"

"Yananiuma."

"Usiguse kitu, baba."

"Sigusi."

Akaegemeza bega lake kwenye langu, kalamu iko tayari, tukaanza kuhesabu tuta la pili.