Mnazi wa Ghala la Pamba

Siku yangu ya kwanza kazini, katika ofisi ya chifu pale Vitengeni, niliharibu karatasi nne. Nilikuwa msichana niliyetoka shule na mwandiko mzuri, na majivuno ya kutosha kugawia kijiji kizima. Karani Mkuu, mzee mpole wa suti ya kaunda, alinikalisha kwenye baraza la wananchi nikaandike muhtasari. Nyinyi vijana mnaorekodi kila kitu kwa simu huenda hamwelewi uzito wake. Muhtasari ni maandishi ya yaliyosemwa mkutanoni. Husomwa mbele ya watu mkutano unaofuata, na wakiyathibitisha, hayo ndiyo serikali itakayoyashika. Mimi niliandika: "Watu wamelalamika kuhusu nyani." Mzee akasoma, akavua miwani.

"Dama, watu ni nani?"

"Ni wanakijiji, mzee."

"Hawana majina? Andika aliyesema. Neno lisilo na mwenyewe, kesho kila mtu atalikana."

Nikaandika upya, na tena, na tena. Karatasi ya tano ndiyo aliyoigonga muhuri, nami nikaenda nyumbani nikilia kwa hasira. Mwaka ule nilimchukia. Leo nikimkumbuka namwombea dua.

Baadaye nilihamishiwa Marafa, chini ya Mkuu wa Tarafa aliyependa mambo mafupi. Yeye alitaka maazimio tu, yaani yale mambo ambayo mkutano umekubaliana. Sababu zilizotolewa na methali za wazee aliziona ni upuuzi.

"Bi Karani," aliniambia siku moja akipekua kurasa zangu, "haya yote unamwandikia nani?"

"Namwandikia atakayeuliza baadaye, bwana mkubwa."

"Basi huyo aje alipie wino."

Niliitikia kwa kichwa, nikaendelea kuandika vilevile. Kichwa changu ni kigumu tangu utotoni, na mama alikuwa akisema ndiyo maana mizigo ya kuni haikunisumbua. Kwa bahati yake mbaya, au yangu, tulihamishwa pamoja kuja upande wa Malindi, na eneo letu likafika hadi Kakuyuni. Huko ndiko nilikoandika muhtasari ulioninyima raha kuliko yote.

Zilikuwa zimefika familia kumi na moja kutoka visiwa vya kaskazini, ng'ambo ya mpaka. Walikuwa waombaji hifadhi. Mwombaji hifadhi ni mtu aliyekimbia kwao akaomba alindwe, lakini ombi lake bado halijaamuliwa. Likikubaliwa ndipo anapoitwa mkimbizi kwa vyeti. Walilala katika vyumba vya madrasa mjini Malindi, na watoto wa madrasa walikuwa wakisomea uani juani. Serikali ikapendekeza wahamie kwa muda kwenye ghala la pamba lililokuwa tupu huko Kakuyuni, likatwe vyumba. Ghala lilikuwa la umma, na likawekwa sharti kwamba wenyeji waulizwe kwanza.

Waliulizwa, nao walijibu! Baraza lilifanyika kwenye uwanja wa shule, na sijawahi kuandika kwa kasi kama siku ile. Mama Sidi, muuza mboga, alisema kisima ni kimoja na foleni tayari inampotezea asubuhi nzima. Mwingine akasema hao watakuja na bunduki. Mwanamke mmoja katika wageni, Mwanaisha, mjamzito wa miezi mingi, aliomba ruhusa akasimama.

"Shikamooni wazee," alisema. "Hatukuja kutafuta shamba. Hizo bunduki mnazoziogopa ndizo tulizozikimbia. Tunaomba pahali pa kulala hadi tujibiwe."

Kisha akainuka Mzee Kahindi. Huyu ndiye aliyekuwa akipinga tangu habari zilipotoka, na watu walimsikiliza, kwa sababu shamba lake lilipakana na ghala.

"Mimi sina ugomvi na wageni. Nina ugomvi na mizizi," alisema. "Babangu alimkaribisha mtu akae msimu mmoja. Yule bwana akapanda minazi sita. Leo wajukuu zake wanatuambia sisi ndio tuliohamia. Mti ni wa aliyeupanda, hata akifa! Hati za ardhi hatuna, mnataka tubaki na nini?"

Msomaji asiye wa kwetu aelewe jambo hili. Huku ardhi na mti ni vitu viwili. Unaweza kulima kunde na mihogo kwenye shamba la mwenzio, ukavuna ukaenda zako. Lakini ukipanda mnazi, mkorosho au mwembe, mti huo ni mali yako, na mwenye ardhi hakutoi tena bila vita. Kahindi hakuwa na roho mbaya. Alikuwa ameumwa na nyoka, na aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Mwishowe ni yeye mwenyewe aliyetoa njia: wageni wakae, lakini wasipande mti wa kudumu, na wakipanda hata mmoja wafungashe siku hiyo hiyo. Mikono ikainuliwa. Niliihesabu mara mbili, na waliokubali waliwazidi waliokataa kidogo tu. Niliandika azimio, nikaandika na sababu zake zote, kila neno na jina la msemaji.

Miezi ikapita salama. Mama Sidi alipanga zamu za kisima, kisha akawa ndiye anayepiga gumzo na wageni kuliko mtu yeyote. Mwanaisha akajifungua mtoto wa kike, Fatuma. Nilianza kuamini kwamba mambo yametulia, na hapo ndipo Mzee Kahindi alipoingia ofisini bila kubisha hodi.

"Nyuma ya ghala, chumba cha yule mama mzazi, kuna mche wa mnazi," alisema. "Umefika gotini. Niliwaambia!"

Mkuu wa Tarafa alikwenda akauona. Aliporudi aliniagiza nichape barua ya kuwaondoa, aje aisaini mbele ya baraza. Niliichapa. Vidole vyangu vilikuwa vizito, kwa maana sharti lile niliandika mimi, kwa mwandiko wangu niliojivunia, na sasa kitoto cha miezi mitatu kingelala wapi? Madrasa ilikuwa imeshawarudisha wanafunzi vyumbani.

Nilimpelekea Mwanaisha taarifa ya baraza mimi mwenyewe. Nikamuuliza kwa nini alifanya vile.

"Sikuupanda mimi, Bi Dama," akasema akimtikisatikisa mtoto mgongoni. "Lakini aliyeupanda ndiye aliyenizalisha. Siwezi kumpeleka mtu mzima barazani akaumbuke mbele ya mwanawe."

Hakutaja jina, wala sikuhitaji kutajiwa. Mkunga katika kijiji kile alikuwa mmoja tu, Hawe Kadzo, nyanya wa kila mtu, na mama mzazi wa Mzee Kahindi. Wakati huo hakuwako, alikuwa Marafa akimuuguza binti yake. Nilipiga simu ofisini Marafa kwa karani aliyenirithi kiti, nikamwomba ampelekee bibi habari. Hilo halikuwa kazi yangu. Ndiyo mara moja tu maishani nilipotoka nje ya kalamu, na sijatubu mpaka leo.

Siku ya baraza Mkuu wa Tarafa aliniamuru nisome azimio. Nikasoma. Akamuuliza Mwanaisha nani aliyepanda, Mwanaisha akainama, akakataa kutaja jina. Barua ilikuwa mezani, kalamu juu yake. Nami nilikuwa nikiangalia barabara.

Bodaboda ilifika ikiwa imembeba Hawe Kadzo, kaketi upande, bakora mkononi. Hakungoja kukaribishwa.

"Kahindi!" aliita. "Wewe kitovu chako nilikizika wapi?"

Mzee mzima, mwenye mvi, akasimama wima. "Chini ya mnazi wa mlangoni, mama."

"Na ule mnazi wa nani?"

"Ni wako, mama."

"Basi na huu ni wangu. Mtoto nimemzalisha mimi. Kitovu kilipodondoka nimekizika mimi, na juu yake nimepanda nazi iliyokwisha kuota ya shambani kwangu, kama nilivyowafanyia nyinyi nyote. Au mtoto huyu alizaliwa bila kitovu? Haya, nifukuzeni."

Mkuu wa Tarafa akanigeukia akanong'ona, "Karani, sasa hili?"

"Bwana mkubwa, azimio peke yake halitoshi. Niruhusu nisome na sababu."

Akanitazama, nadhani alikumbuka wino. "Soma."

Nikasoma: "Mti ni wa aliyeupanda, hata akifa."

"Nani alisema hayo?" mtu akauliza kutoka nyuma.

"Mzee Kahindi, ukurasa wa tatu."

Kicheko kilichopasuka pale kilimfanya Fatuma aamke akilia. Kahindi mwenyewe alijizuia, akashindwa, akacheka hadi akajifuta macho. "Karani huyu hana kazi nyingine," akasema, na akamsaidia mamake kuketi. Mkuu wa Tarafa aliichana barua vipande vinne. Nilijisikia kama mtu aliyetua mtungi aliotoka nao mbali, na machozi yakanitoka mbele za watu bila aibu.

Sasa nimestaafu. Baadhi ya familia zile zilipelekwa kwingine. Ombi la Mwanaisha lilichukua muda mrefu, likakubaliwa, na yeye na mumewe wanauza samaki wa kukaanga papo hapo Kakuyuni. Mjadala haujaisha, na pengine hautaisha. Nasikia redioni, "Watu hawataki wageni," na jioni redio nyingine, "Watu wanawakaribisha." Mimi peke yangu sebuleni nauliza: watu ni nani? Hawana majina? Nimeandika mabaraza maisha yangu yote, na sikuwahi kumwona "watu" akiinua mkono. Niliowasikia ni Kahindi na mizizi yake na Mama Sidi na kisima chake, na wote wawili walikuwa na haki ya kuogopa walichokiogopa.

Mwezi uliopita Mzee Kahindi alinijia nyumbani, anatembea taratibu siku hizi. Hawe Kadzo alifariki, na mali yake ikarithiwa na mwanawe, pamoja na mnazi wa ghala la pamba. Umeanza kuzaa. Alikaa, akanywa chai yangu yote, kisha akatoa karatasi iliyokunjwa, tupu.

"Niandikie muhtasari," akasema.

"Wa mkutano gani, mzee?"

"Huu wetu, mimi na wewe. Azimio ni moja. Ule mnazi nampa Fatuma binti Mwanaisha, awe nao yeye na watoto wake."

Nilivaa miwani. Mwandiko wangu bado upo.

"Na sababu niandike?"

"Andika kitovu chake kiko pale."

"Na msemaji?"

"Jina langu unalijua," akasema Mzee Kahindi. "Anza na hilo."